Nani Atafyeka Ravan

Stuttgart, Jumapili, 4 Machi 1973

Mke wangu Jelka,

Imebaki kidogo itimie miaka mitatu tangu nitoke nyumbani, ukitoa zile Krismasi nilizokuja kula na kulala tu. Mimi ni mzima. Mgongo unauma lakini bado unainama, na kazi hii haitaki zaidi ya hapo. Mtaro wa upande wa kiwandani tumeumaliza, sasa tunachimba chini ya barabara ya tramu. Juu yetu watu wanakwenda sokoni, sisi chini tuko kwenye tope mpaka magotini, na Pero anaimba. Nikimwambia anyamaze anasema, "Binamu, nikinyamaza utasikia maji yanavyoingia kwenye kiatu chako." Bado tunakaa chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Leo tulikwenda stesheni. Najua utacheka, lakini Jumapili sote huenda huko, watu wa kwetu, Waturuki na Wagiriki. Tunasimama pale treni ya Zagreb inapoingia, tunatazama nani anashuka. Hatumngoji mtu. Halafu tunarudi tulikotoka.

Sasa nisikilize. Dada yake Pero ameandika kwamba kuna mhandisi wa Zagreb anatafuta mahali pa kujenga nyumba ya mapumziko, na macho yake yako kwenye Ravan yetu. Mimi nasema tumuuzie. Konde liko juu, mbali na nyumba, mimi sipo, na wewe kila kiangazi unambembeleza Mile aje kulifyeka. Huku kuna vyumba viwili vinapangishwa karibu na kituo cha tramu, vina jiko. Nataka uje. Mama naye aje. Nimechoka kukuandikia, nataka kukuambia mdomoni.

Konde lenyewe atalipenda. Limefyekwa kila mwaka tangu enzi za babu, halina mchongoma hata mmoja. Niandikie unaonaje.

Nibusie Mama mkono wake.

Mumeo,
Vid


Osoje, Alhamisi, 15 Machi 1973

Vid wangu,

Barua yako Mama alinifanya niisome mara mbili, ya pili kwa kupiga kelele, kana kwamba kiziwi ni wewe. Ameniambia nikuandikie hivi: hatakwenda kuishi mahali ambapo mwanawe anashinda chini ya ardhi kama fuko. Nimekwisha kuandika, sasa ameridhika na anamenya viazi.

Wewe Jumapili unakwenda stesheni. Mimi stesheni inanijia nyumbani. Wale watembezi wa Zagreb wameanza tena tangu theluji ilipolegea. Wanashuka basi pale kwenye kinu, wanafuata zile alama za rangi kwenye miti, duara jekundu lenye kitone cheupe katikati, wanapita uani kwetu, wanapita ukingoni mwa Ravan na kuingia msitu wa hifadhi. Kila wiki wanazunguka upande mwingine wa hifadhi, lakini kuanza ni kwetu na kumalizia ni kwetu, kwa sababu ya kisima na lile benchi lako.

Anayewaongoza ni Bibi Olga, aliyekuwa muuza dawa na sasa amestaafu, mwembamba, ana filimbi shingoni. Yuko pia Mzee Zvonko, alikuwa dereva wa tramu maisha yake yote. Akifika langoni anatangaza: "Kituo kinachofuata, kwa Jelka! Wanaoshuka wapitie mlango wa mbele!" Mama yuko dirishani: "Wewe mzee, shusha kwanza hilo tumbo, ndio watu wapite." Ndivyo wanavyosalimiana. Mama akisikia filimbi huvaa kitambaa kipya kichwani, kisha anasema kile cha zamani kilikuwa kimelowa.

Jumapili iliyopita Bibi Olga aliniambia, "Dada Jelka, siku zote unatuaga langoni. Vaa viatu, twende." Nikavaa. Nimeishi chini ya mlima huu tangu unioe, na sijawahi kuupanda bila kamba ya kuni au ndoo ya kitu. Zafarani za porini zimetoka, za zambarau, zinatoboa theluji kana kwamba kuna mtu anazisukuma kwa chini. Watu wazima wote wale walipiga magoti kuzitazama, na theluji yenyewe imeoza, maji matupu. Nikacheka. Halafu na mimi nikapiga magoti.

Habari ya Ravan, tungoje kwanza theluji iishe. Sasa hivi ardhi haionekani vizuri.

Vaa soksi za sufu mbili mbili.

Mkeo,
Jelka


Stuttgart, Jumapili, 25 Machi 1973

Jelka,

Nimesoma barua yako. Kuna zafarani, kuna filimbi, kuna tumbo la dereva wa tramu. Jibu langu sikuliona. Nilikuuliza jambo moja.

Na nitakuuliza la pili, maana mimi sijui kuzunguka. Dada yake Pero ameandika tena. Anasema unatangulia mbele ya watu wa Zagreb kama jemadari, na nyuma yako anakuja huyo mhandisi amebeba kikapu chako. Pero alinisomea hayo akiwa amekaa juu ya kitanda chake, miguu inaning'inia usoni kwangu. Akasema, "Binamu, wewe unachimba mtaro, mwenzio anachuma maua." Nikamvuta mguu akaanguka. Hakuumia.

Ana umri gani huyo mtu? Ana mke? Kwa nini abebe kikapu chako?

Sisemi kitu. Nauliza tu. Ukikaa huku muda mrefu akili inachimba yenyewe, hata siku ambayo mwili umepumzika.

Mvua kila siku. Asubuhi Pero ananivalisha koti, anajifanya mtumishi wangu, anainama na kusema, "Tayari, mheshimiwa." Ni mjinga lakini bila yeye ningekuwa nimekwisha kuwa bubu.

Theluji haiuzwi, Jelka. Inayouzwa ni ardhi, na ardhi unaijua hata ikiwa imefunikwa. Nijibu.

Vid


Osoje, Jumatatu, 9 Aprili 1973

Vid wangu,

Mhandisi Lovro amepita miaka sitini. Ni mjane. Akipanda mlima huvua meno yake na kuyaweka mfukoni, anaogopa atayameza akihema. Kikapu ni chake mwenyewe. Ndani kuna mto wa kukalia, kwa sababu ya ugonjwa ambao sitauandika. Sasa mwambie Pero ayasome hayo kwa sauti, na miguu yake aining'inize popote anapotaka.

Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu Mama akasema, "Mume anayeuliza bado yupo," nikaacha.

Jumapili iliyopita mhandisi alipanda Ravan mapema kuliko wenzake, akapima kwa hatua na kupigilia vigingi vinne vya mti mweupe, vimechongwa vizuri kabisa. Tuliporudi kutoka hifadhini vigingi havipo. Akatafuta. Akaja mlangoni, meno yakiwa kinywani sasa, akamuuliza Mama kwa heshima zote, "Bibi, hukuona vigingi vyangu?"

"Nimeviona, bwana mhandisi. Asante sana kwa kuni."

"Lakini Bibi, vile vilikuwa vipimo!"

"Vimewaka vizuri. Karibu supu, imeiva kwa vipimo vyako."

Mzee Zvonko alicheka mpaka akakaa chini. Mhandisi naye alikula supu, tena bakuli mbili. Si mtu mbaya, Vid. Ameniambia mkewe alipenda kuja kutazama maua ya Mei hapa kwetu, na kwamba angependa kuwa na dirisha linalotazama upande ule.

Lile ua la rangi ya waridi lenye vichwa vilivyoinama, wanaloliita jino la mbwa, limetoka msituni ndani ya hifadhi, mengi sana. Ravan si mengi. Bibi Olga alisimama pale ukingoni kwa muda, akaniuliza jambo, nikamjibu haraka haraka. Nitakuambia siku nyingine.

Pasaka yetu inakaribia. Pero akija nitampa nyama ya moshi na keki ya jozi akuletee. Mambo ya kuuza tuyaache mpaka baada ya sikukuu.

Mkeo,
Jelka


Stuttgart, Jumapili, 6 Mei 1973

Jelka,

Nyama nimeipata, keki pia. Nilikuwa nimekwisha kula nusu Pero aliponiambia.

Nilimuuliza, "Ravan ikoje?" Vivi hivi tu, kama mtu anavyouliza hali ya hewa.

Akasema, "Ravan gani?"

Nikasema, "Acha mchezo. Konde langu."

Akasema, "Binamu, pale juu kuna kangaga zimefika kiunoni. Kuna michongoma. Nilipita nikitafuta njia nikararua suruali ya sikukuu. Halafu mkeo amezungusha waya, kana kwamba kuna kitu cha kuibwa."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, hakuwa akitania.

Uliniandikia kila kiangazi kwamba Mile amefyeka. Krismasi nilipokuja nikakuta ghala halina nyasi, ukasema umeuza kwa bei nzuri. Mimi nikafurahi. Konde lilikuwa chini ya theluji, jeupe, safi, nikasimama dirishani nikavuta sigara nikasema moyoni, angalau kile kipo vilevile.

Unajua mimi hufanya nini kule mtaroni? Wenzangu wanaimba, wanasimulia mpira. Mimi kichwani nafyeka Ravan. Naanzia kwenye ule mwaloni, nashuka mstari kwa mstari, nanoa, napanda tena. Zamu inapokwisha nimefika kwenye jiwe la mpaka. Miaka mitatu nimefanya hivyo. Kumbe nilikuwa nafyeka michongoma.

Mhandisi alimpa Pero karatasi ya mauzo aniletee. Nimeweka sahihi yangu. Naituma pamoja na barua hii, mahali pako pameachwa wazi chini ya jina langu. Weka sahihi umpe Jumapili atakapokuja. Kama hakuna wa kufyeka, basi na ajenge nyumba juu yake, michongoma ife.

Vid


Osoje, Jumapili, 20 Mei 1973

Vid,

Watembezi wameondoka sasa hivi. Nimeosha vikombe, Mama amesinzia kwenye kiti, nakuandikia.

Mile alikwenda Austria kiangazi kile kile cha kwanza, wiki moja kabla ya kufyeka. Usiku mmoja tu, akaaga akaenda. Nikamtafuta Janko, Janko yuko kwenye meli. Nikahesabu wanaume waliobaki Osoje wenye mikono miwili inayofanya kazi, nikapata watatu, na mmoja wao ni padri. Nikuandikie hayo? Ungefanya nini huko, ungetoka mtaroni uje? Ungekosa kulala tu. Nikaandika kwamba limefyekwa. Ng'ombe nilimuuza kwa sababu hakuna nyasi, na sio nyasi nilizouza. Hayo ndiyo yaliyokuwa, na ningeyafanya tena.

Lakini waya ni jambo jingine. Mwaka wa pili sunovrat, maua yetu ya Mei, zilipungua. Unazijua zilivyokuwa, Mei konde lote jeupe, kila ua na kikombe chake cha njano, harufu inafika mpaka kwenye banda la nguruwe. Zilipopungua nikadhani ni watoto wa kijiji cha chini wanaokuja kuchuma, na mbuzi, na viatu vya watu wa Zagreb. Nikazungusha waya. Nikasema hapa asikanyage mtu, asikate mtu hata jani, maua yapumzike. Nilijivunia waya ule.

Leo sunovrat zingetosha kujaza chupa moja ya maziwa. Watembezi walisimama kwenye waya, wamekuja kwa ajili hiyo tu, wengine wameleta wajukuu. Mzee Zvonko hakutangaza kituo chochote. Bibi Olga akanishika mkono tukaenda pembeni.

"Dada Jelka, mumeo alikuwa analifyeka mwezi gani?"

"Baada ya sikukuu ya Petrovo, katikati ya Julai. Siku zote baada ya Petrovo."

"Mbegu zimeshadondoka wakati huo. Na nyasi mlizichukua zote?"

"Zote, mpaka za kuokota kwa mkono."

"Basi kilichoyafuga maua haya ni hilo fyekeo. Yakiachwa peke yake, kangaga zinayaziba jua."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ni mimi niliyeyaua kwa kuyaonea huruma." Akasema, "Hayajafa. Vitunguu vyake viko chini, vinaweza kukaa miaka kadhaa. Lakini si mingi." Nimekata waya leo leo kwa koleo lako. Nimejichoma kidole.

Karatasi imefika. Sijaweka sahihi.

Sikiliza, na mimi sijui kuzunguka. Wewe una Pero anayekuimbia. Mimi tangu Jumatatu hadi Jumamosi nina Mama, ambaye nampenda, na saa ya ukutani. Jumapili kuna sauti za watu uani, kuna mtu ananiita kwa jina langu, naulizwa njia ikoje, naulizwa mvua itanyesha au haitanyesha. Nyumba ikijengwa Ravan, njia inafungwa. Wamekwisha kuniambia, alama zitahamishiwa bonde la pili, basi litawashusha kule. Hata wakinipenda vipi, hawatapanda mlima mzima kuja kuniona mimi.

Ukiniita nije Stuttgart nitakuja. Nitapika kwenye hilo jiko, nitatazama tramu. Lakini mtu akikaa ugenini huku nyuma kuna mahali pake, huo ni ugeni. Ukiuza, tutakuwa ugenini mahali popote, hata hapa.

Konde ni la baba yako, si la baba yangu. Ukiniandikia mara nyingine niweke sahihi, nitaweka. Lakini uandike wewe, baada ya kusoma haya. Karatasi iko kabatini chini ya shuka.

Jelka


Osoje, Jumapili, 10 Juni 1973

Vid,

Wiki tatu na sijapata neno. Kila siku mwenye posta anapita, ananionyesha mikono yake mitupu kwa mbali ili nisichoke kuteremka.

Sitakuuliza. Nitakusimulia tu.

Bibi Olga aliwaambia wenzake habari ya fyekeo. Mzee Zvonko akasimama juu ya benchi lako na kusema, "Abiria wapendwa, tumepita kwenye konde hili bure miaka yote. Sasa tulipe nauli." Wamekubaliana waje wote baada ya Petrovo, Jumamosi na Jumapili, walale ghalani, wafyeke. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika fyekeo refu. Mmoja aliniuliza kama lina mkono wa kulia na wa kushoto.

Nimeyashusha mafyekeo yote kutoka darini, yako, ya baba yako, na yale ya marehemu ami yako. Kutu tupu. Mama akasema, "Lete fuawe na nyundo." Akakaa kwenye lile gogo, akaweka kile kifuawe kidogo kati ya magoti, akaanza kuponda makali, ta, ta, ta, kidogo kidogo kutoka kisigino hadi ncha. Sikujua kwamba anajua.

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Hakuna. Miaka hamsini nimemsikia mume akiponda. Sikio linajua pale chuma kinapolia vibaya." Halafu akaniwekea nyundo mkononi. "Sasa wewe. Usipige kama unaua panya. Mbembeleze."

Fyekeo la kwanza nimelitia mikunjo kama utepe wa bibi harusi. La pili afadhali. La tatu Mama alinyoa nalo nywele za mkono wake akaninyamazia, na unajua kwake kunyamaza ni nini.

Jana nilijaribu kufyeka nyuma ya nyumba. Mama alisimama na fimbo yake akipiga kelele: "Kisigino chini! Usichote supu! Zungusha kiuno, kiuno umepewa cha nini?" Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeniambia nilipoolewa hapa kwamba mwanamke hafyeki, mwanamke hukusanya. Akasema, "Nilisema hivyo wakati wanaume walikuwepo."

Leo mhandisi alinikuta kisimani. "Mumeo amesemaje?" Nikasema, "Hajasema." Akakaa juu ya mto wake. Kisha akasema, "Mimi nilitaka dirisha la kutazamia maua. Sasa naambiwa nikijenga dirisha maua hayatakuwepo. Sitawashurutisha. Mumeo akisema anauza, nitanunua, maana nilitoa neno. Akisema hauzi, nitakuja na reki." Ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo kila mtu anangoja mdomo wako, Vid. Hata nyasi.

Jelka


Stuttgart, Jumapili, 24 Juni 1973

Jelka mke wangu,

Nilianza barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira. Ya pili ilikuwa na maneno mawili, "weka sahihi". Sikuipeleka posta. Pero akanionea huruma, akanyamaza wiki nzima. Ilikuwa mbaya kuliko nyimbo zake.

Nilikwenda kuvitazama vile vyumba viwili. Ni vizuri, jiko linawaka. Nikasimama katikati nikajaribu kuona Mama atakaa wapi. Nikamweka dirishani. Nje ya dirisha kuna ukuta. Nikamweka karibu na jiko. Nikamwona amekaa pale na kitambaa chake kipya, anangoja filimbi.

Sasa nitakuambia lile ambalo Pero peke yake ndiye anayelijua. Februari mtaro uliporomoka kidogo, ubao ukanipiga begani upande wa kushoto. Hakikuvunjika kitu. Lakini tangu siku ile mkono haupandi zaidi ya kifua. Naweza koleo, naweza kusukuma toroli. Koti siwezi kuvaa peke yangu. Daktari wa hapa alinizungusha mkono, akatikisa kichwa. Fyekeo siwezi tena, Jelka, na nilijua siku ile ile. Ndio maana barua ya kwanza ya kuuza niliiandika mwezi wa Machi. Nilisema tumuuzie mhandisi kwa sababu ya vyumba, kwa sababu ya Mile, kwa sababu ya umbali. Nilikuwa nauza konde ili nisije kusimama ukingoni nikitazama mwingine anafyeka, na wewe ukinitazama mimi nilivyoshindwa. Na kukuita huku kulikuwa vilevile. Ukija wewe, sina haja ya kurudi, na nisiporudi hakuna atakayeona.

Nilikasirika kwamba umenificha kangaga. Na mimi nilikuwa nimekuficha mkono.

Barua yako ya mafyekeo nilimsomea Pero kwa sauti, pale aliposema Mama kuhusu kiuno tukacheka wote, mpaka Mturuki wa chumba cha pili akagonga ukuta. Baada ya kucheka nikaona kwamba kitu nilichokuwa nakiogopa kimekwisha kutokea bila mimi kuwepo. Ravan imepata wa kuifyeka. Imebaki mimi kuamua tu kama nataka kuiona.

Nimemwandikia mhandisi leo kwamba konde haliuzwi. Nimemwomba radhi kwa usumbufu. Karatasi ile ichane.

Sasa sikiliza mambo ya kazi. Anzeni kwenye mwaloni, kwa sababu pale umande unakaa zaidi. Anzeni alfajiri, jua likipanda acheni, kunyweni. Mtu na mtu waachane hatua sita, na huyo Zvonko awe wa mwisho kabisa, asiwe na mtu nyuma yake wala pembeni. Wagawie vinoo, kila mmoja na chake kwenye pembe ya ng'ombe yenye maji. Michongoma msiifyeke, itavunja makali, ing'olewe kwa jembe. Fyekeo langu lenye mpini wa mti mgumu ni la mtu mrefu kama mimi. Lakini mpini unaweza kukatwa. Ukate. Lipime kwa kiuno chako, liwe lako.

Wewe ndiye utakayetangulia mstari wa kwanza. Mimi nitakuja nyuma yako na reki, nikikusanya. Kwa reki mkono unatosha, nimejaribu hapa kwa ufagio. Najua kule kwetu mwanamume hajawahi kukusanya nyuma ya mkewe, na kijiji kitacheka. Lakini nimehesabu kama ulivyohesabu wewe. Watakaocheka ni wawili na padri.

Nimepewa likizo ya wiki tatu. Mkataba unakwisha Novemba na nimemwambia msimamizi kwamba sitatia sahihi mwingine. Amesema bega langu lilikuwa limemwambia kabla yangu.

Petrovo yetu mwaka huu ni Alhamisi. Msianze kabla sijafika. Natoka hapa Jumatano jioni, nitafika siku hiyo hiyo ya Petrovo, tarehe 12 Julai, kwa basi la mchana, na nitashukia pale kwenye kinu.

Mumeo,
Vid